Jino Ndani ya Jicho la Tazuko

Siku daktari alipomwambia kwamba atamng'oa jino amtie jichoni, Tazuko Habu alinyanyuka kwenye kiti akaanza kupapasa ukuta akitafuta mlango. Alidhani anachezewa. Miaka minne ya upofu ilikuwa imemzoesha dharau za kila aina. Watu walimsemesha kwa sauti ya juu kana kwamba amekuwa kiziwi pia. Wahudumu wa mikahawa walimuuliza mumewe, "Yeye atakunywa nini?" ilhali yeye yupo palepale na mdomo wake anao. Lakini utani wa namna hii, tena ndani ya hospitali kubwa ya Osaka, ulikuwa mpya kwake.

"Mama, kaa kwanza," alisema daktari. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, jina lake Irie.

"Nikae nisikie nini tena? Ukishanitia jino jichoni utanipandikiza ukucha sikioni?"

Mumewe, Yoshinari, alimvuta kwa mkono wa kanzu yake. "Mama Kanae, mtu mzima hasusi. Tumetoka nyumbani alfajiri kwa treni. Msikilize."

Akakaa, lakini pembeni kabisa mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu aliyekwisha aga.

Tazuko alikuwa mtu wa Minabe, kwenye vilima vinavyolimwa plamu, na katika maisha yake hakufanya kazi nyingine zaidi ya kuchambua plamu za chumvi. Tunda likishalala kwenye chumvi na kuanikwa juani huwa laini, ngozi yake nyembamba kama karatasi iliyolowa. Zilizo nzima huenda huku, zilizochanika kule, zenye madoa kando. Alianza kazi hiyo bandani kwa baba mkwe wake akiwa bibi harusi, akaendelea nayo mpaka mikono ikanuka chumvi hata siku ya mwaka mpya. Hakuwa mpole. Wafanyakazi wa msimu walimwogopa kuliko walivyomwogopa nyigu, na yeye alijua, na haikumsumbua.

Kisha msimu mmoja wa baridi akashikwa na mafua, akameza vidonge vya dukani, vilevile alivyokuwa akimeza miaka yote. Safari hii mwili ulivikataa. Ngozi ilivimba malengelenge na kuchunika kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto, midomo ikachubuka, macho yakaungua. Madaktari waliokoa uhai wake. Macho hawakuyaweza. Yalikauka, yakafunikwa na utando mweupe. Mara mbili aliwekewa kioo cha jicho kilichotolewa kwa marehemu, na mara zote mbili kilififia ndani ya miezi michache.

"Na hata nikikuwekea cha tatu kitakufa," alisema Daktari Irie siku hiyo. "Jicho lako ni kavu, halilishi kitu. Nataka nikuwekee lenzi ndogo ya plastiki, nyembamba kama kijiti. Shida ni kwamba mwili hauishi na plastiki tupu. Utaisukuma nje kama unavyosukuma mwiba. Lazima iwe imeshikwa na kitu ambacho mwili wako unakijua ni chake, kigumu kiasi cha kutobolewa tundu, lakini ambacho nyama itakikumbatia. Kitu hicho ni mzizi wa jino pamoja na mfupa wake."

"Mwili huu ulikataa kidonge cha mafua," Tazuko alisema. "Ndiyo utakubali jino jichoni?"

"Jino ni lako. Mmekaa pamoja miaka hamsini. Hebu fungua mdomo."

Akafungua, bila heshima. Daktari akamulika, akagonga hapa na pale kwa kijichuma. Ilionekana kwamba meno ya mbele ya chini yalikuwa yamekwenda zamani kwa ugonjwa wa ufizi, na ya nyuma yamejaa viraka. Jino la chonge la kulia lilikuwa limekufa likavikwa kofia. Lilibaki chonge la kushoto, juu.

"Hili linatufaa," alisema Irie. "Lakini ni hilo tu. Likiharibika hatuna jingine."

Ndani ya treni ya kurudi, Yoshinari hakunyamaza hata stesheni moja. Alikuwa mtu wa kufurahi mapema. Mvua ikikaribia yeye keshaona mavuno, na Tazuko alikuwa amechoshwa na furaha zake tangu ujana. "Mama Kanae, utaona! Utaona milima, utaona bahari, utaona..."

"Nitaona ukinyamaza."

Upasuaji uliahirishwa kwanza kwa sababu ya kikohozi. Kisha ufizi ukavimba, ukaahirishwa tena. Kila mara sanduku dogo la nguo lilifungwa na kufunguliwa, na kila mara majirani walikuja kumpa pole na kubaki kunywa chai. Jirani wa upande wa juu, Sugako, ndiye aliyekuwa na mdomo mrefu kuliko wote.

"Sasa niambie, mwenzangu," alisema akitafuna figili ya kuchachua, "ukishatiwa hilo jino, ukitazama chakula si utashiba kabla hujala?"

"Nitaanza na wewe nione."

"Na ukikasirika? Utatuuma kwa macho?"

"Wewe huhitaji jino, Sugako. Wewe ni tofu, unamezwa bila kutafunwa."

Walicheka wote, na Tazuko akacheka nao kidogo. Lakini walipoondoka alibaki na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi. Alikuwa amekuwa kichekesho cha bonde zima kabla hata ya kupasuliwa.

Hatimaye wakampasua. Walimng'oa jino pamoja na kipande cha taya, wakalisaga mpaka likawa kibamba, wakalitoboa, wakagandisha lenzi ndani ya tundu. Wakati huohuo walimkata ngozi laini ya ndani ya mdomo wakaitandika juu ya jicho. Na lile jino hawakulitia jichoni. Walilizika shavuni, chini ya ngozi, likae miezi kadhaa ili nyama na mishipa midogo ya damu ilizunguke.

Daktari alikuwa amemweleza yote hayo kabla, lakini kuelezwa ni jambo moja. Mdomo ulikuwa kidonda kitupu. Alikunywa uji mwepesi wa mchele kwa mrija, na supu ya miso ya maharage iliyopozwa mpaka ikawa kama maji ya kuoshea vyombo. Kwenye shavu kulikuwa na kivimbe kigumu kama njugu, na kidole chake kilikwenda hapo hata akiwa usingizini.

"Usiguse, Mama," alisema binti yake. Kanae alikuwa amerudi nyumbani baada ya kuachana na mume wa mjini, mwaka uleule mama yake alipopofuka, na tangu hapo ndiye aliyekuwa akisimamia banda.

"Jino langu, shavu langu."

"Daktari kasema usiguse."

"Daktari halali nalo."

Yoshinari naye alilitangaza lile jino kila alipokwenda. Alilitangaza kwenye chama cha wakulima, na kwa fundi wa matrekta, na hata kwa kuhani wa hekalu aliyekuja kwa kumbukumbu ya mama yake. Watu wakaanza kuja kutazama, na baadhi waliomba wamguse. Siku mke wa kuhani aliponyoosha kidole, Tazuko alipiga mkeka kwa kiganja.

"Shavu langu si tikitimaji la sokoni! Nani kakwambieni mje kulibonyeza?"

Mama wa watu aliinama kuomba radhi, akaondoka na zawadi yake ya keki za maharage mkononi, amesahau kuitoa.

"Umemuaibisha," alisema Yoshinari.

"Wewe umeniaibisha mimi tangu mwezi wa kumi. Jino la mkeo limekuwa habari ya kunywea pombe."

Alinyamaza. Ilikuwa nadra Yoshinari kunyamaza, na Tazuko, ambaye hakuweza kuuona uso wake, hakujua kama ameudhika au anatafuta kiberiti.

Walipokwenda kupimwa, Daktari Irie alikawia sana mbele ya picha. Mfupa ulikuwa umeanza kulika upande mmoja. Angesubiri kidogo zaidi, aongeze dawa, atazame tena.

"Na ukiisha?" aliuliza Tazuko.

"Sitaki kusema jambo ambalo halijatokea."

"Basi litokee unyamaze vilevile?"

Korido ilikuwa imejaa watu. Kanae alimkalisha, akasema kwa haraka, kama mtu aliyekuwa na neno hilo mdomoni siku nyingi, "Likishindikana wachukue langu. Nimeuliza. Inawezekana, ila utameza dawa za kuutuliza mwili maisha yako yote."

"Wee! Meno yako ni ya kulia wali wako."

"Mimi nataka..."

"Sikuuliza unataka nini. Nimekwisha kula miaka yako minne, sasa nile na meno yako?"

Kanae alimvalisha mama yake koti, akamfunga vifungo mpaka shingoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mfupa haukuendelea kulika. Mwanzoni mwa masika walifungua shavu, wakalitoa jino lililokwisha kuvikwa nyama, wakafungua jicho la kulia na kulishona humo. Siku walipoondoa bandeji, Tazuko aliona kwanza mwanga mkali wa kukera, kisha ndani yake kitu cha buluu. Ilikuwa kalamu mfukoni mwa Daktari Irie. Aliitazama mpaka akaona wino umevuja kitambaani.

"Kalamu yako inavuja," alisema.

Daktari alicheka mpaka sauti yake ya kukwaruza ikakatika. Wauguzi walipiga makofi. Tazuko akageuza kichwa chote, maana jicho lilikuwa gumu kama limetiwa gundi, na upeo wake ulikuwa finyu kama wa mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Akamkuta mumewe. Alikuwa amezeeka. Mashavu yalikuwa yamebonyea, shingo imekuwa ya kuku. Lakini nywele zilikuwa nyeusi tititi, na kando ya sikio, kwenye ngozi, palikuwa na mstari mweusi kama wa masizi.

"Umejipaka nini?"

"Nini?"

"Kichwani. Umejipaka nini, mzee mzima?"

Yoshinari alifunika sikio kwa kiganja. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Nilitaka unikute kama ulivyoniacha."

Hapo Tazuko alipaswa kusema neno jema, na alilitafuta. Lililotoka ni, "Ungemwomba Kanae akupake vizuri basi."

Jicho lake mwenyewe aliliona siku ya pili, kwenye kioo cha choo cha wodi. Alikuwa ameambiwa litakuwa na rangi ya waridi. Yeye alifikiria ua. Alichokiona ni nyama, ileile ya ndani ya mdomo, imejaa pale palipokuwa na weupe wa jicho, na katikati yake kidoa cheusi kilichotokeza nje. Kope hazikufunga tena sawasawa. Alisimama pale hadi muuguzi akabisha mlango. Miaka minne alikuwa akijikumbuka kwa sura yake ya zamani, na hakuna aliyemwambia aache.

Nyumbani walimpokea kwa wali mwekundu wa sherehe. Sugako alikuja na samaki mzima wa kuokwa, akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akakosa cha kusema. Tazuko aliona jinsi macho ya mwenzake yalivyoteleza kwenda dirishani. Kesho yake alinunua miwani nyeusi.

Yoshinari aliendelea na hadithi yake. Macho ya Mama Kanae yamerudi vilevile, aliwaambia watu, ngojeni tu mkaone mwaka huu plamu za Habu zitakavyokuwa.

Mvua za mwanzo wa kiangazi zilipokwisha, matunda yakatolewa kwenye chumvi, yakaanikwa, yakaletwa mezani. Tazuko alikaa mahali pake pa zamani. Katika miaka ya giza alikuwa amejifunza kuchambua kwa vidole. Ilimchukua msimu mzima wa kuvunja bakuli na kutukana, lakini alifika mahali ncha ya kidole gumba ilihisi mpasuko usiozidi unywele. Sasa alikuwa na jicho pia, na alitegemea kazi iende upesi mara mbili.

Haikuwa. Alinyoosha mkono kuelekea tunda akashika hewa. Jicho lile moja, ndani ya mwanzi wake, halikumpa kipimo cha karibu na mbali. Akilishika, jicho lilikimbilia doa, na wakati linaangalia doa vidole vilisahau kuhisi. Akijitahidi kuhisi, mng'ao wa ngozi yenye chumvi ulimvuruga. Alitamani kulifumba, na kope hazikufumba. Jioni kichwa kilimgonga. Lakini trei zake zilijaa, hakuna aliyelalamika, na akajiambia atazoea.

Siku moja baada ya chakula cha mchana alirudi bandani kabla ya wenzake, amesahau miwani. Kanae alikuwepo, amesimama mbele ya trei ya mama yake, mikono inakwenda haraka, anatoa tunda huku anaweka kule.

"Unafanya nini?"

Kanae aliruka. "Napanga tu, Mama."

"Unapanga nilichokwisha kupanga?"

"Kuna chache zilizochanika."

"Tangu lini?"

Kanae aliweka tunda chini. "Tangu siku ya kwanza."

"Yaani siku zote hizi mnanichezesha kama mtoto anayepewa donge la wali asilie?"

"Sasa ningesema nini?" Sauti ya Kanae ilipanda, yeye ambaye hakuwa na tabia hiyo. "Umepasuliwa hapa na hapa, umekunywa uji miezi, Baba anazunguka bonde zima akisema macho yamerudi vilevile. Niwe mimi wa kukwambia hayajarudi?"

"Nilipokuwa kipofu nilichambua vizuri!"

"Ndiyo," alisema Kanae. "Ulichambua vizuri sana."

Tazuko aliishika trei kwa mikono miwili akaipindua. Matunda yalimwagika sakafuni, mengine yakapasuka, mengine yakabingirika chini ya meza. Wote wawili waliyatazama. Kisha Tazuko, kwa kuwa hakukuwa na jambo jingine la kufanya na wafanyakazi walikuwa wanarudi, alipiga magoti akaanza kuokota, tunda moja kwa wakati, akigeuza kichwa chote kutafuta lililofuata. Kanae alipiga magoti upande wa pili.

Usiku huo Yoshinari aliposikia habari alikuna kichwa, ambacho sasa mizizi ya nywele ilikuwa nyeupe. "Si ufunge kitambaa ukiwa kazini?"

"Nimeng'olewa jino, nimetobolewa shavu, nimeshonwa jicho, halafu nifunge kitambaa?"

"Nimesema tu."

"Acha kusema tu."

Alikaa ndani siku kadhaa, anamwaga chai, anagombana na redio. Kisha asubuhi moja Kanae alipoingia bandani alimkuta mezani, taulo nyeupe imezunguka kichwa na kufunika macho, kidole gumba kinatembea juu ya ngozi ya tunda. Kanae alivuta kiti akakaa mwisho wa pili wa meza, akachambua rangi na madoa. Mpasuko aliuachia vidole vya mama yake. Tunda lilipita kwa mmoja kisha kwa mwingine. Hawakuwa wamekubaliana hivyo. Ilitokea hivyo tu, na mara ya kwanza Kanae alipomrudishia mama yake tunda akimwambia lina doa jeusi kubwa, Tazuko alisema, "Hilo ni lako, shauri yako," na kazi ikaendelea.

Alipokwenda Osaka kupimwa, alimweleza Daktari Irie yote, kwa hasira, kana kwamba anarudisha kiatu kinachobana. Daktari alisikiliza. Akasema jino liko imara, na kwamba ubongo una mambo yake, ungehitaji muda.

"Muda gani?"

"Sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumjibu hivyo bila kuongeza kitu cha kumfariji, na njiani kurudi alijikuta hana la kumlaumu daktari yule.

Mchana, kazi ikiisha, aliifungua taulo. Alikwenda popote jicho lilipotaka. Alisoma vibandiko vya makopo kwa sauti, herufi baada ya herufi, mpaka Kanae akaziba masikio. Alimkuta Sugako akipanda vitunguu, akamwambia mistari yake imepinda. Sugako akamjibu kwamba afadhali alipokuwa kipofu, na kwa jibu hilo wakawa marafiki tena. Miwani nyeusi aliivaa akienda dukani, nyumbani akaiacha.

Plamu huchanua wakati baridi bado inauma. Mwaka uliofuata Yoshinari alimpandisha kilimani, anamshika kiwiko, na walipofika kati ya miti alishindwa kujizuia.

"Unaona? Mama Kanae, unaona maua? Kilima kizima ni cheupe!"

Tazuko alikuwa amesimama karibu mno na mti wa kwanza. Aliinua uso, akalisogeza lile jicho taratibu kulia, kisha juu.

"Naona kitawi," alisema. "Usinisukume. Mti nitaufikia."